Nukta Mia Nne na Thelathini za Bibi Azenor

Jumatatu, 4 Machi

Nimedhulumiwa. Naandika koti likiwa bado mwilini.

Kazi kubwa kuliko zote zilizowahi kuingia kwenye maabara yetu ya picha hapa Vannes, Brittany, na amepewa mwenzangu Thibault! Ofisi ya bahari inataka ramani ya mashamba yote ya chaza ghubani, yatolewe kwenye picha zilizopigwa kutoka angani wakati maji yamekupwa. Shamba likionekana, mwenyewe anaongezewa kibali. Lisipoonekana, linahesabiwa limetelekezwa na Ijumaa ya tarehe 15 anapewa mtu mwingine. Na atakayetengeneza ramani ataweka jina lake kwenye kona, chini, kulia. Jina! Itatundikwa ukutani pale ofisini, watu wanaongoja zamu watalisoma hadi walikariri.

Nikamwendea mkuu wetu, Bi Quéméner. Nikamkumbusha kwamba mimi, Goulven Madec, nimekaa baharini miaka kumi na tisa, mpishi wa meli, bandari thelathini na moja, toka Valparaíso hadi Mombasa, ambako mtu mwenye jicho moja alinifundisha kupika pweza. Akasema bandari hizo anazijua zote kwa majina, maana anasomewa kila wiki. Ila Thibault ana shahada tatu, na mimi nina cheti cha kuendesha winchi. Nikae kwenye mashine nimsaidie.

Nimsaidie!

Kazi yenyewe naijua. Picha unaigeuza mti. Kila nukta ya picha ni jani. Nukta nyeusi zaidi zinazogusana zinashikana kwanza, zinakuwa kijitawi. Halafu zinaungana na zile zilizopungua weusi kidogo, tawi linanenepa, linakutana na jingine, hivyo hivyo hadi shina, ambalo ni picha nzima. Kisha unapogoa. Tawi usilolitaka unalikata, na pale lilipokuwa panapakwa rangi ya tawi lililolibeba. Basi! Marehemu baba alipogoa mitufaha miaka arobaini bila shahada hata moja.

Jumanne, 5 Machi

Nimeshinda kabla ya saa nne asubuhi.

Thibault ana daftari la mistari. Anafungua tawi moja, analitazama, anaandika, anakunywa chai ya majani ya ajabu, anafungua jingine. Jana alimaliza matawi sitini. Mti una matawi laki mbili! Nikamuuliza kama anataka kustaafia humo. Akasema, kwa ule upole wake unaotia kichaa, kwamba tawi hutazamwa kabla ya kukatwa.

Alipotoka kwenda kununua mkate nikakaa kwenye kiti chake. Picha ilikuwa imejaa takataka: mwani, mawe, vivuli vya shakwe, buti la mtu. Nikaiambia mashine ikate kila tawi lenye nukta chini ya mia tano. Mara moja tu. Ghuba ikawa safi kama sahani ya padri! Yakabaki mashamba makubwa, meusi, yamenyooka, mazuri ajabu.

Nikatia jina kwenye kona. Nikatuma ofisi ya bahari papo hapo, nakala kwa Bi Quéméner. Mchana akapita akasema hakutegemea. Nimeamua hiyo ni sifa. Thibault aliporudi akauliza nimekata nini hasa. Nikamwambia kinyozi halilii nywele. Akaenda kukata mkate wake.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa.

Kila Alhamisi nakula kwa Bibi Azenor. Ni mjane, miaka sitini na tisa, ana shamba dogo la chaza nje ya kisiwa kimoja cha ghubani, meza za chuma za kulelea chaza zilizopangwa na mumewe kabla sijaenda baharini. Niliporudi sina mke wala meli, ni yeye aliyenifungulia mlango. Chaza dazeni mbili, mkate, siagi ya chumvi, sharubati ya tufaha iliyochacha vizuri. Hajawahi kuniuliza nitaondoka lini.

Leo hakuna siagi mezani. Hakuna kitu mezani! Yuko wima katikati ya jiko na kisu cha chaza mkononi. Akasema ofisi imebandika bandarini orodha ya mashamba yaliyotelekezwa na lake ni la kwanza. Amekwenda kuwauliza. Wamemwonyesha ramani: mahali pa meza zake pana maji matupu. Miaka arobaini na mbili anainama pale, magoti yake yote mawili yameishia pale, na ramani inasema hapana mtu. Akataka kujua ni mpumbavu gani aliyeitengeneza, maana miwani alikuwa ameisahau nyumbani na jina kwenye kona hakulisoma.

Nikasema ni Mparisi mmoja.

Akasema alijua tu.

Nimerudi maabara nikahesabu. Shamba la Bibi Azenor: nukta mia nne na thelathini. Zimepungua sabini. Nimemfutilia mbali pamoja na mwani.

Ijumaa, 8 Machi

Mtu mdogo angekwenda kwa Bi Quéméner akakiri. Mimi nimefikiri.

Jina langu liko kwenye kona. Mia tano nimeisifia mbele ya watu. Kwa hiyo mia tano haiguswi. Kitakachobadilika ni shamba! Kila nukta ni mita moja kwa mita moja. Nahitaji mita sabini za kitu cheusi, zigusane na meza za bibi. Binamu yangu Alan ana plastiki nyeusi ya kufunikia majani ya ng'ombe, marobota mazima. Ameniazima moja bila kuuliza, kwa sababu huwa akiuliza najibu.

Imebaki picha mpya. Nikamwambia Bi Quéméner kwamba dhamiri yangu ya kisanii hainipi raha: siku ile maji hayakukupwa vya kutosha. Jumanne ni bamvua, bahari itarudi nyuma hadi aibu yake yote ionekane. Akakubali. Thibault atarusha droni saa saba.

Akili kama hii kuiweka kwenye winchi ni dhambi.

Jumanne, 12 Machi

Sitaki kuongea na mtu.

Saa sita tulikuwa matopeni, mimi na Bibi Azenor. Nilimwambia plastiki ni ya kuzuia kaa. Akasema amelima chaza tangu ni msichana na hajasikia kaa anayeogopa plastiki. Nikamwambia Chile wanafanya hivyo. Akasema basi nipeleke kaa wangu Chile. Lakini akashika ncha ya pili na magoti yake yale, akavuta. Mwanamke huyo!

Tukatandaza mita hamsini, mawe juu. Safi. Sitini, safi. Kisha ukaja upepo. Zile za mwisho zilinyanyuka kama tanga, zikaning'oa nami, zikavuka mkondo na kutua juu ya meza za Bizeul, yule tajiri wa jirani mwenye shamba la kumtosha mfalme. Ncha moja kwa bibi, ncha nyingine kwa Bizeul. Nami kifudifudi katikati ya tope, mikono nimeitandaza, buti moja limezama.

Bibi akaniuliza kama na hivi pia ndivyo wanavyofanya Chile.

Juu yangu, droni ikilia zzz. Thibault ufukweni akinipungia mkono kwa furaha.

Jumatano, 13 Machi

Kumekucha vibaya, kumeendelea vibaya zaidi.

Nimejenga mti wa picha mpya. Meza za bibi zipo! Hazikukatwa! Nikacheza. Kisha nikasoma orodha. Ile plastiki imekuwa daraja. Nyeusi imegusa nyeusi, mashamba mawili yameshikana kuwa tawi moja, na mashine inaandika tawi kwa mwenye sehemu kubwa. Bizeul: nukta elfu sita na mia tisa. Bibi Azenor: hayupo. Juzi nilimfanya bahari. Leo nimemfanya Bizeul!

Nikajitafuta na mimi. Pale katikati ya tope, nukta mbili. Mita moja na themanini, kilo mia na kumi, bandari thelathini na moja: nukta mbili. Nimekatwa na mia tano yangu mwenyewe. Iliniuma, sitaficha.

Na hapo mlango ukafunguliwa. Bibi Azenor, na ndoo ya chaza na keki ya siagi, amekuja kunishukuru kwa jasho la jana na kuona shamba lake kwenye kioo cha kompyuta. Leo amevaa miwani. Thibault, mtoto wa watu, akamvutia kiti changu, akamfungulia ramani zote, ya kwanza na ya pili. Nilikohoa. Nilikohoa tena. Bibi akasogeza pua hadi kona ya ile ya kwanza, chini, kulia.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Akasema, "Goulven, mwanangu. Uliniambia Mparisi."

Thibault akasema yeye kwao ni Lille, si Paris.

Sikujua niweke wapi uso. Bibi hakupiga kelele. Angepiga ningepona. Alikata keki vipande vinne, akala kimoja, akamuuliza Thibault kama aliyekatwa anaweza kurudishwa au ndiyo ameshakwenda.

Thibault akasema mti haupotezi kitu. Kinachokatwa ni sura tu, matawi yote bado yamo. Plastiki ina mng'ao, weusi wake umepungua kidogo kuliko wa meza zilizolowa, kwa hiyo mashamba yanaungana pale plastiki inapoingia, si kabla. Akashuka hatua moja kuelekea majani, na meza za bibi zikasimama peke yake. Mia nne na thelathini. Kisha akasema yeye hakati kwa ukubwa, anauliza tawi limenyookaje, kwa sababu meza za chaza zina safu na mwani hauna. Dakika kumi! Akaongeza, bila ubaya, na hilo ndilo lililoniua, kwamba hivyo ndivyo alivyokuwa amefikia ile Jumanne ya kwanza alipotoka kununua mkate. Picha ya zamani ilitosha. Plastiki haikuhitajika.

Bibi akamwambia apate kipande cha pili cha keki. Mimi cha kwanza sijapata.

Alhamisi, 14 Machi

Ofisi imekataa ramani ya Thibault. Kwa simu. Wana ramani moja tayari, imetiwa jina. Hawaiondoi mpaka aliyetia jina aandike kwa mkono wake kwamba alikosea, na mashamba yanagawiwa kesho saa tatu.

Bi Quéméner akaniwekea karatasi na kalamu, akatoka, akafunga mlango.

Kalamu nzito ile! Nilianza mara sita. Mara nne za kwanza kosa lilikuwa la mashine. Ya tano lilikuwa la upepo. Kisha nikaiona meza ya bibi bila siagi. Ya sita niliandika: Mimi, Goulven Madec, nilikata bila kutazama. Shamba lipo, mwenyewe yupo, kila bamvua yuko pale ameinama. Nikatia jina, chini, kulia.

Nilipeleka mwenyewe kwa baiskeli, mvua yote ya Brittany juu ya kichwa. Karani akaisoma kwa sauti mbele ya foleni.

Ijumaa, 15 Machi

Kibali kimetoka! Miaka kumi na mitano! Bibi Azenor atakuwa na themanini na nne, na ameshawaambia watarajie aombe tena.

Jina kwenye kona ni la Thibault. Bizeul anataka kujua plastiki ni ya nani. Bibi amenifanya niitoe yote matopeni, peke yangu, yeye kakaa kwenye ndoo ananielekeza kwa kisu. Aliniita kichwa cha kaa mara nyingi hadi nikaacha kuhesabu. Jioni akanifungulia chaza. Siagi ilikuwepo. Nilijifanya nimeingiwa na chumvi machoni.

Nimejifunza. Naandika hapa kwa wino: nimejifunza.

Jumatatu, 18 Machi

Wiki mpya, mtu mpya!

Nimetafakari kosa langu kwa undani siku mbili nzima na nimelipata. Mia tano ilikuwa nyingi. Namba sahihi ni mia nne. Ingekuwa mia nne, bibi angebaki na thelathini za ziada, na jina langu lingekuwa ukutani mpaka leo. Tofauti ya mia moja tu! Shahada tatu na hakuna aliyeliona.

Na bahati haijanisahau. Imeingia kazi nyingine, ya watu wa ndege: picha za ghuba za mwezi Januari, wahesabiwe mabata bukini wote waliolala humo. Thibault ametoa daftari. Tawi la kwanza, chai, tawi la pili.

Alipotoka kununua mkate nikakata kila kilicho chini ya mia nne. Picha safi kama sahani ya padri. Jina kwenye kona. Nimeshatuma.

Amerudi, ameitazama, ameniuliza mabata wako wapi. Nimemwambia, rafiki yangu, tuko Machi. Wameshahama.