Kle Niliyoiponya Haikuwa Yangu

Leo nimeumbuka. Tena ukweni!

Mnajua wazee wetu wanajiandaa kwenda kwa kina Furaha kupeleka habari ya ndoa. Baba yake ni mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache, na mpaka jana hajawahi kuniambia ndiyo wala hapana. Jana akatuma neno: kompyuta yake imekataa kuwaka, na amesikia mimi ni fundi. (Ni Furaha aliyemwambia. Mapenzi hudanganya.) Nikajua huu ndio mtihani wangu.

Basi nikavuka mto kwenda kwao Alunguli, shati limepigwa pasi, kompyuta yangu mgongoni, kle mfukoni. Kle ya USB, msifikiri ya kufuli. Ndani yake nilikuwa nimeweka mfumo mzima wa kompyuta: unaichomeka kwenye mashine iliyo mgonjwa, mashine inawaka kwa nguvu ya kle, unatengeneza, unapigiwa makofi.

Nilipofika nikaiweka kle mezani, kando ya redio. Mama yake Furaha akapangusa meza, akasogeza vitu, akaleta wali na sombe ya majani ya muhogo. Nikala vizuri. Nikanawa. Nikachukua kle hapo mezani, nikaichomeka kwenye kompyuta ya mzee.

Skrini nyeusi. Maandishi meupe: hakuna mfumo.

"Injeniere, inakataa kudemare?" akauliza Papa, baba yake Furaha.

"Bado kidogo, Papa."

"Kwetu ku reli, mashini ikikataa tulikuwa tunaisukuma."

"Hii haisukumwi, Papa."

"Basi nikuletee nyundo?"

Nikacheka. Nilicheka peke yangu. Akaenda akaleta nyundo kweli, akaiweka mezani.

Nikazima, nikawasha. Nikabadili tundu. Nikaipuliza kle (msinicheke, wote mnapuliza). Wapi! Jasho likaanza kunitiririka mgongoni. Nikaamua kwamba kle imeharibika, niiandike upya. Nikafungua kompyuta yangu, nayo ikaniuliza kwa adabu: kila kilichomo kitafutwa, una hakika? Nikabonyeza ndiyo. Fundi hasomi maswali!

Na kweli, nilipoirudisha kwenye mashine ya Papa, ikawaka. Furaha akapiga vigelegele mlangoni. Papa akasimama, akanipa mkono. Mkono wa Papa, jamani!

"Tumushukuru Mungu na wimbo yangu," akasema Mama, akabonyeza redio.

Redio kimya.

"Kle yangu iko na nini? Nimeichomeka mu redio wakati nilikuwa napangusa meza. Ju ya nini haiimbi?"

Na mimi, kichwa kimeshavimba: "Lete, Mama. Hata hiyo nitaiponya."

Akaichomoa redioni, akanipa. Nyeusi, ndogo, sawasawa na yangu; bila shaka tulinunua soko moja. Nikaifungua kwenye kompyuta yangu. Ndani yake nikakuta mfumo wangu. Mzima. Haujawahi kuugua hata siku moja.

Sasa ile niliyoifuta ilikuwa ya nani? Furaha akaninong'oneza. Wakati wa vita Mama na wenzake wa kwaya walikimbilia msituni, upande wa Kailo, na huko wakatunga wimbo. Waliporudi wakaurekodi. Kaseti ilishaharibika zamani, wenzake wengi hawapo tena. Ulikuwa umebaki kwenye kle tu.

"Mama, nimefuta."

"Umefuta nini?"

"Yote."

Papa akaitazama nyundo.

Mama akakaa, mikono magotini. Halafu akaniuliza, "Ule wimbo unaujua?"

"Kidogo, Mama." (Kila anayeingia nyumba ile anaujua.)

"Imba."

Nikaimba. Nimesimama wima, kifua mbele, kwa sauti yangu yote. Mama akanipiga begani.

"Chini! Chini! Ule tulikuwa tunauimba polepole, maaskari wasisikie. Unataka watukamate?"

Nikashusha sauti. Mama akaupokea wimbo, macho amefumba. Kisha Papa, yule wa maneno machache, akaingia na besi ambayo sikujua kama anayo. Nasema wazi, machozi yalinitoka. Kumbe Furaha alikuwa ameshaelekeza simu, anarekodi.

Tulipomaliza nikaomba turudie, mimi nikae kimya, wimbo utoke safi.

"Hapana," akasema Papa. "Uache vile. Ule mwenye anaharibu wimbo, naye ni mutoto ya hapa."

Basi kle ya Mama sasa ina wimbo mmoja tu, na redio ameihamishia dirishani. Ukipita Alunguli ukasikia watu wawili wanaimba vizuri na chura katikati yao, pita zako. Usicheke. Huyo chura ni mkwe.