Mkanda wa Sumaku na Mkono wa Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Juni 2025

Mimi Eliamini, fundi redio wa Same mjini, leo nimepata wazo. Limetoka kwa shemeji Beatha, mdogo wake mke wangu Raheli, anayesomea vifaa vya tiba Dar. Amekuja kumuuguza mama yao. Mama mkwe aliteleza kwenye shamba lake la tangawizi huko kijijini Mamba, akavunjika mkono wa kulia. Yuko kwetu, karibu na hospitali, mkono umefungwa hogo, ile plasta ngumu.

Tukila, Beatha akasimulia kwamba watafiti wanatengeneza kitu mfano wa sifongo, chenye chembe za sumaku, cha kupandikizwa palipopungua mfupa ili mfupa ujijenge upya. Aliendelea kusema kitu kuhusu maabara. Sikusikia vizuri. Nilikuwa nawaza spika mbovu zilizojaa kibandani kwangu.

Jumanne, 3 Juni

Nimebandua sumaku za spika na kuzishonea ndani ya pazia kuukuu, ukawa mkanda. Mzito kidogo, ila unapendeza! Nimeutundika kibandani na maandishi: MKANDA WA SUMAKU, HUUNGA MFUPA. Jirani yangu Muhidin, muuza mafuta ya kuchua, akasoma, akauliza kama unakamata na taarifa ya habari. Wivu tu.

Hakuna mteja. Mkanda umenasa bisibisi zangu zote. Watu wanataka ushahidi. Ushahidi ninao nyumbani, umekaa sebuleni.

Jumatano, 4 Juni

Mkwe hamgusi mama mkwe. Niliuweka mkanda kitini, nikatoka, naye akauchukua. Nikamweleza nikiwa mlangoni, macho pembeni, kwamba hii ndiyo sayansi aliyoisema Beatha. Kweli nusu. Akauliza mbona hasikii chochote. Nikamjibu kwamba huenda hogo linazuia nguvu. Nilisema tu, nisionekane sijui.

Akashukuru. Anataka apone haraka, awahi kuvuna tangawizi yake. Akaniita mwanangu. Nimetembea kifua mbele siku nzima.

Jumamosi, 7 Juni. Idi.

Natamani ardhi ipasuke.

Raheli na Beatha walikuwa sokoni. Nimerudi nyumbani kuchukua koleo, nikakuta hogo limelowekwa kwenye beseni na kukatwakatwa kwa kisu cha jikoni. Mama mkwe ameketi, mkanda umezungushwa kwenye mkono mtupu, jasho linamtiririka. Mkono umepinda pasipo na kiungo.

Akasema taratibu, "Mwanangu, kizuizi nimekiondoa. Mbona inauma zaidi?"

Nilikimbilia barabarani. Bajaji hakuna, watu wako kwenye Idi. Aliyetoka nje ni Muhidin, kanzu nyeupe, nyumba imejaa wageni. Aliacha pilau yake, akawasha gari. Yeye ndiye aliyemshika mama mkwe na kumwingiza garini. Mimi nilibeba beseni. Sijui kwa nini nilibeba beseni.

Hospitalini daktari akauliza ni nani aliyemshauri kutoa plasta. Nilikuwa nimesimama palepale. Mama mkwe akajibu kwamba ni uzee wake tu. Muhidin akaniangalia tu. Afadhali angecheka.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste.

Kanisani nimekaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Kila aliyegeuka nilidhani ananitazama mimi.

Mfupa ulikuwa umesogea. Wameunyoosha upya na kumfunga hogo jipya. Atakaa nalo muda mrefu zaidi, na tangawizi itavunwa na wengine. Raheli hasemi nami. Beatha alisema mara moja tu: "Shemeji, zile chembe hata macho hayazioni. Wewe umemfunga mama spika."

Jioni nikasimama mlangoni, nikamwomba mama mkwe msamaha. Nikauliza kwa nini hakunitaja kwa daktari.

"Angekuuliza wewe, ungemjibu nini?" akasema. "Ndiyo maana nikajibu mimi."

Nimeapa mbele yake sitagusa tena mfupa wa mtu. Nililia. Nikajifuta kwa mkono wa shati kama mtoto.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemwomba Beatha anifundishe kwa utaratibu. Alifurahi kuona nimebadilika. Akaeleza kwamba chembe hizo zimo ndani ya kile kipandikizi, kwamba sumaku ya nje huzitikisa kidogo na seli za mfupa huamka, na kwamba mengi bado yanajaribiwa kwa wanyama.

Kwa wanyama! Nilikuwa sijui.

Mchana Clemence wa Ndungu amepita na mbuzi wake aliyevunjika mguu, anaelekea kwa bwana mifugo. Nimemshauri aniachie mimi. Mbuzi si mtu. Nikaokota unga wa chuma kwa fundi wa kuchomelea, nikaukanda na unga wa ngano mpaka ukawa laini, nikampaka mguuni kote. Safari hii nimezingatia elimu.

Nikaingia ndani kutafuta kitambaa. Niliporudi, mbuzi alikuwa ameulamba wote.

Mwanzoni niliona aibu. Kisha nikafikiri. Beatha alisema chembe ziwe ndani. Basi si ziko ndani? Kesho nitamchanganyia unga mwingine wa chuma kwenye pumba.