Filimbi Iliyomnyang'anya Mjukuu Wangu Udaktari

Bibi Ponirah Wiryodikromo,
Kijiji cha Ngrancang, chini ya mlima.

Kwa Ndugu Mkuu wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Sekarwani,

YAH: FILIMBI YA ASKARI WAKO NA MAISHA YA MJUKUU WANGU DANUR, MIEZI MINANE KASORO SIKU NNE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini u mzima na baridi ya huko juu haijakuingia kifuani. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo haujatulia, na mwenye kosa ni ofisi yako.

Kwanza nikueleze, maana nasikia umetoka Sumatra na hujakaa sana na sisi Wajava. Mtoto wetu hakanyagi udongo mpaka siku yake itimie, akikaribia miezi minane. Siku hiyo anakanyagishwa mabonge ya wali wa kunata, kisha anaingizwa ndani ya tenga la kuku lenye vitu vya kila namna. Atakachoshika ndicho kitakachokuwa kazi yake. Danur ni mjukuu wangu wa pekee. Wazazi wake, binti yangu Winarsih na mumewe Teguh, wanaishi Jakarta, na mtoto namwona Idi hadi Idi. Safari hii walikuja kwa ajili ya sherehe hiyo, na Jumapili wakataka kwanza tutembelee hifadhi yako. Sasa soma yaliyotupata.

1. Pale penye maporomoko umechora nyayo mbili za njano juu ya ubao, ukaandika "Simama hapa upigwe picha." Teguh ni mtu wa kutii maandishi. Alimshusha mtoto akamsimamisha juu ya nyayo hizo. Ubao si udongo, hilo nakubali, na mkwe wangu alilirudia mara tisa. Lakini nyayo zako ni za mtu mzima. Mguu wa mtoto ukateleza, na kisigino cha kushoto kikagusa udongo siku nne kabla ya siku yake! Hifadhi yenye mlima mkubwa namna ile ilishindwa nini kuchora nyayo za kila umri?

2. Askari wako Kasidi, ambaye ni Mjava kama mimi na mama yake namjua, hakushtuka hata kidogo. Alisema, "Bibi, si kisigino tu? Mbona unapiga kelele kama kaanguka korongoni?" Nikamwambia, "Nyamaza wewe! Tengani ulishika kijiko, ndiyo maana una tumbo hilo." Wageni wako wakacheka. Sikukusudia wacheke.

3. Ikabidi sherehe ifanyike hapo hapo, kabla udongo haujakizoea kisigino. Mama Jumilah wa kibanda cha chai alitoa wali wa kunata na tenga lake. Tengani mlikuwa na kuku anayeatamia, na kuku akakataa kutoka. Danur akaingia hivyo hivyo, wakakaa wawili. Kasidi akatusomea sheria kwamba mifugo hairuhusiwi hifadhini, kisha akaniandika kwenye daftari lake kuwa mfugaji. Kuku si wangu, ndugu. Naomba jina langu lifutwe.

4. Sasa nafika kwenye filimbi. Tengani tuliweka kitana, kioo, mchele, na kile kipimo cha daktari cha kusikilizia moyo, ambacho Winarsih alikibeba toka Jakarta na kilikuwa mkobani mwake, maana yeye na mumewe walishaamua mtoto awe daktari. Kalamu ya Teguh nayo ilitakiwa iwemo, ila ilitafutwa isionekane. "Mama, usiguse kitu," aliniambia. "Mwache achague mwenyewe." Filimbi ya Kasidi nayo ilikuwemo. Iliingiaje si kazi yangu kueleza, wewe ndiye mwenye askari. Danur akapita juu ya kipimo, akamkanyaga kuku, akaikamata filimbi na kuipuliza mara tatu. Sikujua kwamba kwenu mara tatu maana yake ni hatari, shukeni upesi. Watu wote waliokuwa wakipanda mlima wakateremka mbio. Mzee mmoja alifika na kiatu kimoja akiuliza, "Moto uko wapi? Jamani, moto uko wapi?" Akaonyeshwa mtoto ndani ya tenga. Winarsih alilia. Sikupenda kumwona analia, ni mwanangu.

5. Tangu siku hiyo mtoto amekuwa mtumishi wako. Anaamka saa ile ile geti lako linapofunguliwa. Ukichuma ua uani, anapuliza. Juzi Teguh alitema mate dirishani, akapulizwa mpaka akatoka nje kufukia.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba moja kati ya haya:

(a) Barua yenye muhuri inayosema filimbi ile ni mbovu na uchaguzi haukuhesabika, ili Winarsih apate usingizi.

(b) Ukishindwa hilo, umwajiri mtoto kuanzia Jumapili ile ile, kwa kuwa kazi ameshaianza. Sare iwe ya mtu wa kilo nane na nusu. Akifika miaka thelathini atakuwa ametumikia hifadhi kuliko wewe, kwa hiyo kiti chako kitunze, usikichane.

(c) Ukimwajiri, kuna tatizo. Wazazi wanaondoka naye Jumamosi, na Jakarta hakuna mlima. Basi uhamishie mlima huko. Najua ni kazi kubwa, utahitaji malori. Kama mlima hauwezi kwenda, inabaki njia moja tu na kila mwenye akili anaiona: mtoto akae karibu na mlima, yaani kwangu. Hayo si maneno yangu, ndugu, ni kazi yenyewe inavyotaka.

Nisalimie mkeo na watoto, na makarani wote ofisini. Msalimie Kasidi pia, ingawa hastahili. Mwambie Mama Jumilah nimesikia mayai yote yalipona isipokuwa moja.

Wako katika kulea watumishi wa kesho,

Bibi Ponirah

Tanbihi: Kama ile barua ya muhuri umeshaiandika, nakuomba uichome. Nimezaa watoto wanne. Wote wanne walishika kalamu tengani, na mimi nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Leo wote wako mbali, na nyumba hii ya vyumba vitano nalala peke yangu. Kasidi analala kwa mama yake kila siku. Filimbi nilimwomba mimi mwenyewe, nikaitia tengani na kuisogeza kwa kidole mbele ya mtoto Winarsih alipoinama kumfukuza kuku. Na kalamu ya Teguh, ambayo watu walihangaika kuitafuta mpaka chini ya meza za Mama Jumilah, nilikuwa nimeikalia.