Kabichi Juu ya Nyama

Jumamosi, 3 Februari 2018

Mwanangu Jaafar karudi kutoka kazini na mgeni na tabasamu. Mgeni si neno. Tabasamu ndilo lililonitia hofu. Mara ya mwisho kutabasamu vile alikuwa kanunua pikipiki Tanga bila kuniambia.

Mgeni anaitwa Twaibu, Mganda, zamani mlinzi wa mnara mmoja hapahapa Dubai, kule Marina. Sasa mwaka wa pili yuko Poland. Nikauliza Poland ndiyo wapi. Akasema Ulaya, mama, jirani na Ujerumani. Nikasema jirani na Ujerumani si Ujerumani. Jaafar akanikata jicho.

Habari yenyewe hii. Twaibu anakata kebabu Warsaw. Bosi wake anataka mkataji mwingine, na mwanangu miaka minne anakata shawarma hapa Dubai. Bosi yuko huku kwa mapumziko. Ijumaa atakuja kula kwetu, aonje, aamue.

Mwanangu wa pekee! Nimefagia ofisi za watu pale JLT miaka sita ndipo nikaweza kumvuta huku. Tunakaa chumba kimoja Discovery Gardens, pazia katikati. Namsikia akikoroma. Asipokoroma nanyanyua pazia nimtazame kama anapumua. Ana miaka ishirini na saba.

Haendi. Nimeshasema. Bado tu sijamwambia yeye.

Jumapili, 4 Februari

Twaibu kaja tena, na simu imejaa picha za vyakula. Alidhani atanilainisha. Masikini.

Picha ya kwanza, kebabu ya kwao. Mkate mnene kama mto wa kulalia, nyama chini, na juu yake kabichi. Kabichi mbichi! Nyeupe na ya zambarau, lundo, kama karamu ya mbuzi. Nikauliza nyama iko wapi. Akasema ipo, mama, chimba. Juu tena wanamwaga sosi. Mteja anaulizwa anataka laini, kali au mchanganyiko. Wengi wanataka mchanganyiko. Yaani mtu mzima, ana akili zake, anashindwa kuamua sosi.

Picha ya pili, pitsa. Wanaipaka kechapu juu. Kechapu na sosi ya kitunguu saumu! Mtaliano akiona si atalia?

Ya tatu, mkate mrefu umepasuliwa, una uyoga na jibini, halafu kechapu imechorwa kama mtoto aliyepewa rangi. Ya nne, kuku wa Kivietinamu. Pembeni nini? Kabichi. Wameleta vyakula vya dunia nzima, wakavivisha kabichi vyote, kama sare za shule.

Nikauliza, wao wenyewe hawana chakula chao? Akasema wanacho, wana kitu kama andazi, wanatia viazi ndani, wanalichemsha. Nikamwomba arudie. Wanalichemsha. Mwenye kuchemsha andazi atashindwa nini kumharibia mtu mtoto?

Jaafar akasema mama, watu wanapanga foleni kwenye theluji kwa ajili ya hiyo kebabu. Nikamwambia foleni hata hospitali ipo.

Nikauliza na nguruwe je. Twaibu akaapa kwa kilugha chake, banange mama, dukani kwetu kuku na ng'ombe tu. Ameapa haraka mno. Sijampenda.

Jumatatu, 5 Februari

Mpango wa kwanza. Baridi!

Jaafar wiki hii anaingia kazini jioni, mchana analala. Alipolala nikashusha kiyoyozi mpaka kumi na sita, nikachukua blanketi lake nikalificha. Nikasema aionje Poland hapahapa, akiamka meno yanagongana atasahau Ulaya. Mimi nikakaa upande wangu wa pazia kusubiri meno.

Hayakugongana. Kaamka saa kumi, kajinyoosha, kasema hajawahi kulala vizuri hivi tangu aje Dubai. Mtu anayesimama kutwa mbele ya moto wa shawarma, anasema, baridi kwake ni pepo. Kaniuliza kama tunaweza kuiacha hivyohivyo siku zote.

Mimi nina mafua. Pua imeziba kabisa.

Mama Khairiya, tunayeshare naye jiko, kagonga mlango kuuliza kama humu ndani tunagandisha samaki. Yeye ni wa Unguja na hakubali tusahau. Kila nikipika pilau anapita akisema hee, watu wa Tanga mnaipenda nyeusi.

Jumatano, 7 Februari

Mpango wa pili, nao una heshima zake. Nimwozeshe!

Mama Khairiya ana binti, Khairiya mwenyewe, anapaka watu kucha saluni ya Marina. Msichana mzuri, macho chini, mkono wa kazi. Jaafar akimwona anadondosha funguo. Nikawaza, mwenye mke Dubai atakwenda Poland kufuata nini?

Nikanunua halua, ile nzuri ya zafarani, nikavaa baibui ya Idi, nikaenda kugonga mlango wa pili. Hatua nne. Nilizitembea kama msafara. Nikaanza mbali, nikasema nimekuja kuomba kiungo. Mama Khairiya akaangalia halua, akaangalia baibui, akasema kiungo gani hicho, shoga, kinachovaliwa mavazi ya sikukuu.

Nikasema neno langu. Akatafuna halua polepole sana. Kisha akasema yeye Jaafar hana neno naye, kijana ana adabu, kalelewa hata kama pilau yake nyeusi. Ila bintiye hamwozi kwa mkata shawarma wa Dubai. Wakata shawarma wa Dubai wamejaa, ukitema mate unampata mmoja. Lakini mkata nyama wa Ulaya, aa, hiyo habari nyingine. Aende kwanza, akifika tuzungumze.

Nusu saa haijapita Jaafar kashayasikia, maana kuta zetu ni za mbao laini. Sasa anaimba bafuni. Nimemwongezea sababu kwa mkono wangu mwenyewe, na halua wamebaki nayo.

Alhamisi, 8 Februari

Jaafar kalowesha nyama tangu asubuhi. Mtindi, siki, iliki, bizari, saumu. Mkono wangu ule, mimi ndiye niliyemfundisha. Harufu imejaa korido nzima. Hata mimi na mafua yangu nimeisikia, na moyo umeanguka. Bosi akionja hii atamfunga mwanangu kwenye sanduku aondoke naye.

Nimekaa kitandani nimewaza. Huyu mzungu kwao kila siku kabichi. Hawezi kuwa anaipenda, hakuna mtu anayeipenda, wanaila kwa vile hawana jirani wa kuwafundisha. Kapanda ndege kuja mpaka Dubai. Kaja kutafuta nini? Kitu asichokuwa nacho! Sasa akikaa mezani akakuta kabichi ileile aliyoikimbia, atasema huyu kijana hajui lolote, nimchukue wa nini?

Mama Jaafar, una kichwa. Ningesomeshwa kupita darasa la tano ningekuwa waziri.

Nimenunua kabichi mbili. Nyeupe na ya zambarau. Nimezificha chini ya kitanda, penye viatu.

Ijumaa, 9 Februari

Niyaandike kwa mpango.

Asubuhi Jaafar kaikaanga nyama, kaikata nyembambanyembamba, kapanga mikate laini, achari, sosi yake nyeupe ya saumu. Meza safi kama ya hoteli. Saa sita yeye na Twaibu wakaenda msikitini kuswali Ijumaa. Akaniambia mama, bosi anakuja saa nane, sisi tutakuwa tumerudi, naomba usiguse kitu. Kasema naomba mara mbili. Mtoto ananijua.

Mlango haujafungika vizuri, nikaingia kazini. Mikate laini nikaificha, nikaweka mikate minene ya dukani. Kabichi nikazikatakata. Sosi nyeupe nikaichanganya na pilipili na kechapu. Mchanganyiko! Nikaona bado inapendeza. Nikatazama rafuni, nikaona chupa ya chachandu ya ukwaju ya Mama Khairiya. Nikaimwaga yote. Ikawa rangi ya maji ya kufulia zulia. Nikasema bismillahi, hii hata paka hali.

Saa saba na robo, kengele! Kumbe mwenzetu haswali, hajui Ijumaa inachukua muda gani, kamaliza shughuli zake kaona aje mapema. Bwana Marek. Bosi mwenyewe, mrefu, mwekundu kama kaokwa, kashika ua moja. Kanipa. Mimi Kiingereza changu ni yes sir, no sir na floor wet sir. Nikamwambia yes sir. Akakaa.

Nikasema kheri, amalize aondoke kabla hawajarudi. Nikamjazia mkate. Nyama chini kidogo, kabichi mlima, sosi mpaka ikatiririka kwenye kiwiko chake.

Kauma. Kaacha kutafuna. Kafumba macho. Kaweka mkono kifuani. Machozi!

Ya Allah, nimeua mtu! Mtoto wa mwanamke mwenzangu, na huko alikotoka mama yake anamsubiri! Nikasahau mipango yote. Nikamletea maji, nikampiga mgongoni, nikampepea kwa kanga, nikamwambia tema baba, tema mwanangu, usife. Nikaweka kiganja mbele ya mdomo wake ili ateme. Naye akakishika kiganja changu akakibusu!

Hapo ndipo Jaafar na Twaibu wakaingia.

Jaafar kaangalia meza. Kaangalia kabichi. Kaniangalia mimi. Sitalisahau jicho lile mpaka nizikwe.

Bosi akaanza kuzungumza mbio na Twaibu, anaonyesha mkate, anaonyesha mimi. Twaibu akageuka, akasema banange Mama Jaafar, wewe mchawi! Bwana Marek anasema siku kumi yuko Dubai analishwa hotelini vitu vya kuchovya, tumbo limechoka, usiku anaota kebabu ya nyumbani kwake. Leo kaipata. Ila hii ya kwako ina kitu kichachu ndani, hajawahi kuonja maisha yake. Anasema kijana anayejua kabichi bila kufika Poland, huyo kazaliwa kwa kazi hii. Kampa kazi! Hapohapo, mdomo umejaa!

Kala tatu.

Jaafar akanikumbatia. Kasema mama, nilikufikiria vibaya, nisamehe, nilidhani unataka kuniharibia. Akalia begani kwangu, ndevu zake zinanichoma shingo kama za baba yake.

Nikamwambia mwanangu, mimi nikuharibie kwa lipi?

Jumamosi, 10 Februari

Mama Khairiya kaona chupa tupu. Katangaza jengo zima kwamba chachandu yake ndiyo iliyompatia Jaafar Ulaya. Mapishi hayatoi kwa mtu. Ni ya bibi yake, anasema, yatazikwa naye. Nikamwambia yazikwe tu.

Alhamisi, 12 Julai

Kibali kilitoka, visa ikatoka. Nilitegemea ofisi zitamchelewesha. Ofisi zote zinachelewesha watu, isipokuwa kwa mwanangu.

Leo kaondoka. Nimemfungia soksi jozi kumi na mbili na blanketi. Uwanjani kavaa jaketi la theluji, nyuzi arobaini na mbili nje, jasho linamtoka. Kasema mama usilie. Nikasema ni mafua. Mafua ya Februari? Nikasema ndiyo, yalibaki.

Nimerudi. Pazia bado lipo katikati. Nimelifungua, nikalifunga tena.

Jumapili, 2 Septemba

Jaafar kapiga simu, uso umejaa kwenye kioo, kanenepa. Kazi nzuri. Ila wateja wanaiulizia ile sosi chachu, bosi amewasimulia wote. Ana ukwaju, kaupata duka la Wahindi. Ananiomba mapishi.

Mapishi siyajui. Lakini kichwa changu kikaanza kuchemka chenyewe. Sosi ikiwa mbaya, wateja watakimbia. Wateja wakikimbia, bosi atamrudisha mtu wake nyumbani. Hakuna aliyeumia!

Nikamtumia sauti, taratibu, kwa mapenzi. Mwanangu, siri yake ni mdalasini. Vijiko vinne. Na kahawa iliyobaki asubuhi. Na ndizi iliyoiva sana, iponde humo.

Ijumaa, 14 Septemba

Jaafar kapiga. Foleni imefika kituo cha tramu. Wanaiita sosi ya Mama. Bosi anafungua duka la pili, kalikabidhi kwa Jaafar, kamwongezea mkataba miaka mitatu. Kaniambia mama, yote haya ni wewe.

Miaka mitatu!

Nimekaa, nimetafakari, nimeona kosa langu lilipo. Mdalasini ulikuwa kidogo. Kesho namwambia aongeze karafuu, ngumi nzima, na dagaa.