Mashine Iliyomtakasa Mama Bong

(Hotuba ya Profesa Pyo Geun-bae, Makamu wa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Seoryeong anayeshughulikia Mageuzi ya Kidijitali, aliyoitoa katika ukumbi wa maktaba kuu hapa Seoul siku ya kuzindua Kituo cha Vitabu vya Siasa za Kimapinduzi. Imenakiliwa na mimi, Gil Da-won, mwaka wa tatu, niliyeagizwa niandike kila kitu pamoja na makofi. Nami nimeandika kila kitu.)

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, ambaye hayupo lakini kiti chake kipo. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Wadhamini, pamoja na mke wa Mheshimiwa Mwenyekiti, pamoja na shemeji yake aliyetuletea mashine. Waheshimiwa wakaguzi kutoka wizarani, ambao wiki hii ndiyo mnatupima, na ambao nawaombea usingizi mwororo na mioyo ya huruma. Wakuu wa idara. Waliokuwa wakuu wa idara. Wahitimu wetu wa zamani, mlioacha kazi zenu kuja hapa mkiwa na mvi zenu. Wanafunzi, ambao nasikia mmelazimishwa kuja lakini mimi napenda kuamini mmejitolea. Na wewe Mama Bong Sun-rye, mwenye vitabu, uliyeketi mstari wa mbele na koti lako la kijivu. Kama kuna cheo nimekiruka, mwenyewe ajitaje kimoyomoyo, nami namheshimu huko huko aliko. (Makofi. Yanaanzishwa na afisa itifaki.)

Ndugu zangu, nilipokabidhiwa dhamana hii miaka minne iliyopita, chuo hiki kilikuwa gizani, kwa maana kwamba mwanafunzi alikuwa anaingia darasani, anamkuta mhadhiri, mhadhiri anasema jambo, mwanafunzi anabisha, wanabishana mpaka saa ya chakula inapita, na hakuna hata chembe moja ya data iliyokuwa inakusanywa. Leo, kwa mkakati wangu jumuishi, unganishi na endelevu, mahudhurio yanapimwa kwa simu, na simu zinatuambia kwamba wanafunzi wanahudhuria kwa asilimia tisini na nane nukta saba, kiwango ambacho hakijafikiwa hata na jeshi. (Kicheko upande wa wanafunzi. Darasani kwetu huwa tunaingia watu wanne, na kila mmoja ana simu kumi za wenzake mkobani.) Naona mnafurahia. Furahini, ni haki yenu.

Nikaunganisha Idara ya Falsafa, Idara ya Historia na Idara ya Fasihi kuwa Idara moja ya Maudhui na Ustawi wa Data, yenye mhadhiri mmoja, naye yuko likizo. Wapo waliosema, Profesa Pyo, umeua fikra. Nikawajibu kwamba fikra haifi, inahamishwa tu kwenye platifomu nyingine. (Mzee mmoja, aliyekuwa mkuu wa Idara ya Falsafa, anaanza kukohoa na haachi.) Mpeni maji.

Sasa tuje kwenye kiini. Nje ya lango letu, kwa zaidi ya miaka arobaini, palikuwa na duka la vitabu la Mama Bong, lenye ubao mlangoni ambapo vijana walibandikiana vijikaratasi: fulani yuko wapi, tunakunywa wapi, nani kakamatwa. Wahitimu hapa wananiambia kwamba enzi za utawala wa wanajeshi, kabla ya kwenda kwenye maandamano, waliacha mikoba yao kwake, yeye akaipanga kwa majina, na jioni akawa anasubiri kuona ipi haijachukuliwa. Hata leo hawamwiti jina, wanamwita Mama Mdogo. (Wahitimu wanasimama na kumwinamia. Mama Bong anawapungia mkono wakae.) Nimeguswa. Kaeni, tuna ratiba.

Duka likafungwa mwaka jana, maana kijana wa leo hasomi kitabu, anauliza simu na simu inamjibu. Mama Bong akaja kwetu na vitabu vyake vyote, elfu sita mia mbili na kumi na vinne, hakuomba kitu, aliweka sharti moja tu: kwamba visomwe. Mimi nikaona mbali zaidi. Nikasema, kusomwa tu? Sisi tutavichakata! Tutaanzisha Kituo cha kwanza barani Asia cha Vitabu vya Siasa za Kimapinduzi kwa Mfumo wa Akili Mnemba, kitakachomwezesha mwanafunzi kupata fikra kali ndani ya sekunde tatu, bila hasira, bila moshi wa mabomu ya machozi, na kwa muhtasari. (Makofi ya wakaguzi.)

Mashine iliyoletwa na shemeji ina uwezo wa kutambua vitabu elfu tatu kwa saa, kwa kutazama jalada pekee, teknolojia ambayo kwa lugha ya kitaalamu inaitwa ufanisi. Tukaiwasha asubuhi, tukaenda kula tambi baridi, tuliporudi kazi imekwisha. Haya ndiyo matokeo, nanyi wakaguzi naomba mnakili, kwa sababu yalinishangaza hata mimi nisiyeshangazwa ovyo. Vitabu vya sarufi ya Kiingereza, elfu mbili na mia moja. Mapishi na uchachuaji wa kabichi ya kimchi, elfu moja mia tisa na viwili. Malezi ya watoto wachanga, elfu moja mia tatu arobaini na vinne. Nyimbo za kanisani, mia nane sitini na vinane. Vitabu vya siasa za kimapinduzi: sifuri. (Wahitimu wanacheka, wanajipiga mapaja, mmoja anafuta machozi. Kisha mmoja baada ya mwingine wanaacha kucheka na kumtazama Mama Bong.)

Mnacheka, lakini mimi sikucheka, nililia, kwa sababu nilielewa dhuluma aliyofanyiwa mama huyu. Miaka yote watu walimnong'ona kwamba ni mchochezi! Alifungwa jela miezi kumi na minne! Na ushahidi uko wapi? Nimesoma kumbukumbu: polisi walisimama pale langoni kwa miaka saba, wakipekua kila mkoba unaotoka dukani kwake, na hawakukuta kitu ila mapishi na nyimbo. Miaka saba! Leo nasimama hapa, kwa mamlaka niliyopewa na kwa takwimu zisizo na upendeleo, kutangaza kwamba Mama Bong Sun-rye hakuwahi kuuza kitabu hata kimoja cha siasa, alikuwa mama wa nyumbani mwadilifu, na jina lake limetakaswa rasmi. (Afisa itifaki anapiga makofi peke yake. Kwa ajili ya wasiojua: Mama Bong alikuwa akibandua jalada la kila kitabu kilichopigwa marufuku na kukivika jalada jingine kwa gundi ya unga wa ngano, usiku kucha, kitabu kimoja kimoja. Jambo hili analijua kila aliyewahi kusoma hapa, na baba yangu ni mmoja wao. Asiyelijua ni Profesa Pyo tu, ambaye miaka hiyo alikuwa anasoma ng'ambo.)

Naona Mama Bong amesimama. Shukrani baadaye, Mama. (Mama Bong hakai. Anasema, kwa sauti ya kawaida tu, “Profesa, mlifungua hata kimoja?”)

Swali zuri, na linaonyesha jinsi kizazi chako kinavyohitaji mafunzo. Mama yangu, kufungua ni kazi ya mtu asiye na mfumo. Mwenye mfumo hafungui. Tungefungua kila kitabu tungekuwa tofauti gani na wanafunzi wa zamani? (“Ndani siyo nje, Profesa,” anasema Mama Bong. “Hata polisi mwisho walijua. Waliishia kufungua.”)

Waheshimiwa, msameheni, umri. Huyu mama mwaka huu amekuja ofisini kwangu mara tatu, na mara zote nilimpokea, ingawa mara mbili sikuwepo. Anataka arudishiwe kimoja tu, kilichochanganyika na vingine. Cha mdogo wake, Jae-il, aliyekuwa mwanafunzi wetu, ambaye anasema alikijaza maandishi ya penseli pembeni, ukurasa kwa ukurasa, kisha akachukuliwa siku moja ya mwezi wa tano wala hakurudi, na mkoba wake ndio pekee uliobaki dukani jioni ile. Nikamwambia, Mama, nieleze kitabu chenyewe. Akasema jaladani kuna mtoto anaogeshwa kwenye beseni. Nikamwambia pole sana, kumbe mdogo wako alikuwa baba mwema. (“Hakuwahi kuoa,” anasema Mama Bong. “Alikuwa na miaka ishirini na moja. Sina picha yake. Mwandiko wake ndio niliobaki nao.”)

Inasikitisha, na ndiyo maana tunakwenda kidijitali, ili pasiwe tena na mwandiko wa kupotea. Nikuulize tu, Mama, kitabu kilichochorwachorwa na penseli kina thamani gani sokoni? Kanuni ya maktaba iko wazi: kitabu chenye nakala kwingineko kinaondolewa, na kitabu cha kuogesha mtoto kina nakala kila mahali. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. (Mimi, mwandishi wa kumbukumbu hizi, nimesimama na kuuliza, “Vimeondolewa kwenda wapi, Profesa?” Afisa itifaki ananivuta shati. Nakaa, naendelea kuandika.)

Nakuja huko, binti, usiitangulie treni kwa miguu. Wabaya wetu wanauliza, Kituo kiko wapi? Ndugu zangu, kigezo namba kumi na saba cha wizara kinadai kibao, utepe, glavu nyeupe na picha ya pamoja ya watu wasiopungua kumi waliokunja ngumi. Hakisemi popote kuhusu chumba. Hakisemi popote kuhusu vitabu. Nasi tuna kibao, cha mbao ya msonobari, kilichoandikwa kwa mkono wa Mwenyekiti mwenyewe. Tuna utepe. Mlango mnaouona nyuma yangu umechapishwa kwenye turubai, kwa ubora wa hali ya juu, na nawaomba msiuegemee. (Mkaguzi mmoja anauegemea. Anainuliwa.) Kwa hiyo tumetimiza vigezo vyote, na matumizi ya umeme ya Kituo hiki ni sifuri, rekodi ya dunia.

Sasa tusimame, tukunje ngumi kwa ajili ya picha, mnijibu kwa nguvu. Chuo erevu! (“Juu!” wanasema wakaguzi.) Fikra kali! (“Juu!”) Hasira! (“Chini!” anasema afisa itifaki. Ngumi za wahitimu ziko juu, na sidhani kama ni kwa ajili ya picha.) Safi sana, ngumi nzuri mno zile za nyuma, inaonekana mna uzoefu.

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Mwenyekiti, namshukuru shemeji, najishukuru mimi mwenyewe ambaye mara nyingi husahaulika. Na kwa namna ya pekee nakishukuru kiwanda cha karatasi kilichotuma malori matatu Jumatatu iliyopita, kikabeba vitabu vyote elfu sita mia mbili na kumi na vinne bila kubakiza hata kimoja, kikavisaga, na jana jioni kikaturudishia zawadi ya wageni. Mila zetu mnazijua, hatuingii nyumba mpya bila kupeleka karatasi za chooni, na leo mwenyeji ndiye anayetoa: kila mgeni atapokea furushi lake, roli thelathini, tabaka tatu, laini, ili mambo ya Kituo chetu yakunjuke bila kukwama. Anza na Mama Bong, ndiye mgeni wa heshima. Asanteni sana kwa kunisikiliza. (Hakuna anayepiga makofi. Mama Bong anapokea furushi kwa mikono miwili, anainamisha kichwa, anakaa. Anachana nailoni, anatoa roli moja, anaiweka mapajani na kuanza kuikunjua taratibu, akiinamia kila kipande karibu na miwani yake, anakigeuza, anakwenda kwenye kinachofuata. Karatasi inashuka magotini, inafika chini. Wahitimu nao wanafungua yao. Ukumbi mzima unasikika karatasi tu.)

Mama Bong. Mama Bong, tafadhali, siyo hapa. Choo kiko ghorofa ya pili, kushoto.