Mshale ni wa Wasiojua Kusoma

Jumatano, 1 Agosti 1990. Makoko, Musoma.

Habari kubwa! Mwisho wa wiki kuna mashindano. Jumamosi magari, Musoma hadi Butiama na kurudi. Jumapili pikipiki, Musoma hadi Bunda na kurudi. Wanakuja watu wa Mwanza wenye makoti ya ngozi. Sijala mchana. Nani ana njaa siku kama hii?

Gari sina. Pikipiki sina. Baiskeli ninayo, ila mnyororo umeazimwa. Lakini kwa kupenda mbio hakuna wa kunifikia mji mzima. Nikisikia injini tu nataja aina yake na ugonjwa wake. Mke wangu Lukresia anasema laiti ningesikia hivyo ninapoitwa kuchota maji.

Ninachotaka ni kimoja: kushika bendera ya miraba, nyeusi na nyeupe, ya kumpungia mshindi. Soko zima la Mwigobero nimeshalitangazia kuwa mshikaji ni mimi. Felisian, jirani yangu muuza dagaa, akacheka mbele za watu. Eti bwana Burito, wewe hata mkia wa ng'ombe hujaushika ukatulia. Ana pikipiki kuukuu ya kubebea dagaa, basi anajiona. Na amejiandikisha kushindana!

Nimeapa. Nitampungia yeyote, hata shetani akitangulia. Felisian, hapana.

Alhamisi, 2 Agosti.

Asubuhi kwa Mzee Alfonce, mwenyekiti wa kamati. Nikamshitaki Felisian: chombo chake ni cha mizigo. Mzee akasema washindani ni wachache, hata ng'ombe akivaa namba anaingia. Nikakohoa. Nikauliza habari za bendera. Akasema kamati haina bendera wala mwandishi wa kibao; atakayeleta vyote viwili ndiye atakayeishika Jumapili, siku ya kufunga.

Nimeshaishika, basi!

Mwandiko wangu unajulikana. Shule niliachia la tatu, mengine nimejifunza kwenye magazeti ya kufungia maandazi. Ndiyo maana macho huniuma nikipita kwa mchinjaji: NYAMA NZULI. Watu wa hapa L na R hawazijui kabisa. Aibu ya mkoa.

Maneno kanitajia Mzee mwenyewe. Kibao ni kimoja, cha kusimikwa pale njia panda ya Makutano, kinaandikwa pande mbili. Jumamosi magari yanapitiliza kwenda Butiama: MBELE. Jumapili pikipiki zinakata kwenda Bunda: KURIA. Nimeandika kama alivyotamka, neno kwa neno. Akasisitiza nichore na mshale. Sikuuchora. Mshale ni wa wasiojua kusoma. Tena rangi haikutosha. Iliyobaki nimeandikia chini, kwa herufi za wastani: MWANDISHI BURITO.

Ijumaa, 3 Agosti.

Bendera. Nyeupe ipo, shati langu la kanisani. Nyeusi hakuna. Maduka siku hizi yamejaa kila kitu, ila sisi wengine tunaruhusiwa kutazama tu. Nikatazama nyumbani. Juu ya kabati: mwavuli wa Lukresia. Mweusi tititi! Kiangazi hiki nani ana kazi na mwavuli? Naye yuko Buswahili kwa dada yake.

Nikakata. Nikashona kwa uzi wa nyavu. Bendera imetoka kama ya Ulaya. Mifupa ya mwavuli nimeirudisha kwenye mfuko wake. Ukisimama mlangoni, unaona mwavuli mzima. Tatizo ni ukisogea.

Jumamosi, 4 Agosti.

MAGARI! Nilidandia lori la pamba hadi Makutano, nikasimika kibao. Peugeot ikapita, nikameza vumbi lake, tamu kuliko chai. Datsun ikafuata, ina kikohozi cha kabureta, nilisema mapema. Kila dereva alisoma MBELE akaenda mbele. Hakuna aliyepotea. Naomba watu wakumbuke hilo.

Mama muuza miwa akaniuliza, kwani usingekuwepo wewe wangekwenda nyuma? Mbona magari yalikuwaga yanapita hapa bila kibao? Sanaa si ya kila mtu. Jioni nikageuza kibao upande wa kesho, nikarudi.

Lukresia naye amerudi. Anasema jua la Buswahili limemchoma vibaya, kesho anakwenda misa na mwavuli.

Nimemjibu: vizuri sana, mama Marcelina.

Jumapili, 5 Agosti.

Niliondoka alfajiri. Fulana ndani, koti juu, vifungo vyote.

Pikipiki ziliondoka uwanjani zikinguruma, machozi yakanitoka. Makoti ya ngozi mbele. Mwisho kabisa Felisian, gunia la dagaa limefungwa nyuma. Ana mteja Bunda, anasema, haoni sababu ya kwenda mikono mitupu. Uwanja ulicheka. Mimi nilicheka kupita wote, huku namwonyesha bendera.

Tukasubiri. Bendi ya shule ikamaliza nyimbo zake, ikazirudia. Kimya. Kisha nikasikia. Sikio langu halikosei: Honda kuukuu, ekzosi imetoboka. Nikaomba, mara hii tu, likosee.

Harufu ya dagaa ilitangulia. Felisian akafuata. Peke yake! Mkononi utepe wa mwamuzi wa Bunda, ushahidi kuwa amefika. Gunia tupu.

Watu: Bendera! Bendera! Mzee Alfonce: Burito, punga! Nami nimeapa. Nikaificha mgongoni. Hapo nyuma yangu sauti nyingine, nayo naijua: Baba Marcelina, huo si mwavuli wangu?

Lukresia, katoka misa, mkononi mifupa mitupu.

Akavuta. Nikavuta. Akashinda. Kifungo cha koti kikaruka. Akaikung'uta hewani mara mbili aone nilivyoukatakata mwavuli wake, na Felisian akapita chini yake. Mpiga picha akapiga. Kwa hiyo aliyepunga bendera ni Lukresia. Mimi pichani nimetokea kiwiko na fulana.

Jumatatu, 6 Agosti.

Makoti ya ngozi yalirudi jana jioni. Yakitokea Tarime! Yana hasira, ingawa yameshiba maziwa. Yanasema yalifika Makutano yakasoma KURIA. Wakamuuliza mama wa miwa, Kuria ni wapi? Akawaonyesha kushoto, barabara ya Tarime, kwa Wakuria. Bunda iko kulia. Felisian kibao hakukitazama hata kidogo, alikuwa anawaza dagaa wake.

Mzee Alfonce akaniita. Nikamwambia, shikamoo Mzee, wewe ndiye uliyesema kuria.

Akasema, nilisema kuria, sikusema Kuria!

Nikasema, ndiyo hiyo hiyo, Mzee.

Kisha akasema, si nilikuambiaga uchore mshale?

Mwigobero hapapitiki. Nikipita tu wananiuliza njia ya kwenda kwangu ni kuria au kushoto. Felisian kombe amelifanya kipimo cha dagaa. Analijaza hadi juu, anawaambia wateja wamshukuru Burito. Lukresia ametundika mifupa ya mwavuli sebuleni, mahali pa picha ya harusi.

Jumatano, 8 Agosti.

Nimetafakali sana. Kosa si langu. Kosa ni la ile helufi yenye mguu mmoja nje, ndiyo iliyowapotosha wageni. Nimeiacha. Tangu leo siiandiki tena, hata kwa dawa. Watu wa kwetu hawataiona tena mkononi mwangu.

Na Mungu halali! Jumapili ushilika wa wavuvi unachagua viongozi, na walikuwa hawana mwandishi wa kibao. Nimejitolea kabla hawajauliza kwa Mzee Alfonce. Nimeandika vizuli, safali hii hakuna pa kupotea: WANACHAMA WOTE KALIBUNI MPIGE KULA. Chini: MWANDISHI BULITO. Mshale sikuchola.

Kipo Mwigobelo tangu asubuhi. Luklesia kakitazama, kaondoka. Felisian kakisoma polepole, mala mbili, na kwa mala ya kwanza hakunicheka. Heshima imeludi! Ameuliza jambo moja tu, kama kila mtu aje na sahani yake.