Timu ya Tabia za Watoto Yafunguliwa Chaka

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Sherehe, Makamu wa Mwenyekiti ambaye kwa bahati ni shemeji yangu, wachungaji wa makanisa yote hata yale madogo, Bwana Rajnikant wa duka la mabati, wazee mlioketi, wazee mliokosa viti, kina mama wa kutuchezea ngoma, mabibi na mabwana, hamjambo! (Hatujambo! Ng'ombe anayepita barabarani naye analia, na mhutubu anampungia mkono.)

Mimi, Kihara wa Ngatia, Afisa Mratibu Mkuu Msaidizi wa Uratibu, nimeacha chai ikiwa moto huko Nyeri mjini ili nisimame hapa, kwa unyenyekevu wangu unaojulikana mpaka Murang'a, katika mwaka huu wa 1979 ambao dunia yote imeuita Mwaka wa Mtoto, kufungua rasmi Timu ya Tabia na Afya ya Akili ya Watoto katika zahanati yenu ya hapa Chaka, kwa vile uchunguzi wa kina tulioufanya tukiwa ndani ya gari umebaini ya kwamba asilimia mia moja na kumi na mbili ya watoto wa hapa wako na tabia. (Makofi. Mzee mmoja anauliza hao kumi na mbili wa ziada ni wa nani.) Ni wa majirani, mzee, keti.

Zamani mtoto akigeuka tabia tulifanya nini? Dawa ya minyoo! Akipiga wenzake, minyoo. Akikojoa kitandani, minyoo. Akikataa kuongea, minyoo mara mbili! (Kicheko. Wengi tuliinywa.) Lakini serikali yenu, yaani mimi, imesema hapana, sasa ni timu-weki, koodinesheni na integresheni, maana yake ni kwamba mama akifika na mtoto wake atamkuta daktari, nesi, mwalimu na mshauri, wote chumba kimoja, wamemkodolea macho huyo mtoto mpaka tabia iogope yenyewe. Daktari, simama watu wakuone!

(Anasimama Theuri wa bucha, na ile koti yake nyeupe, damu ya mbuzi kwa mfuko. "Si huyu ni Theuri?" "Nimeambiwa nisimame tu," anasema Theuri. Watu wanacheka mpaka benchi moja inaanguka na wachungaji wake.)

Utulivu, tafadhali! Huo ndio utaalamu.

(Wacera, mama kutoka ng'ambo ya mto, amesimama. Amemshika mkono kijana wake Mutahi, wa miaka sita. "Bwana Afisa, huyu hajasema neno tangu Pasaka. Mwalimu Moffat, yule pale, amesema asirudi darasani mpaka daktari amuone. Nimekuja na miguu. Hiyo chumba iko wapi?")

Mama, asante kwa swali zuri, ambalo limo ndani ya hotuba, ukurasa ambao sijaufikia. Chumba kiko katika hatua ya juu sana ya kupangwa.

(Mutahi anamponyoka mama yake na kuingia chini ya meza kuu. Kitambaa kinamfunika.)

Mnaona? Tabia hiyo! Daktari, mtoe!

(Theuri anapiga magoti, anainua kitambaa. Sisi wa mbele tunamsikia: "Kijana, songa kidogo. Hata mimi natafuta mahali pa kujificha." Halafu sauti ndogo, kavu kama mlango uliofungwa siku nyingi: "Hakuna nafasi. Wewe ni mkubwa." Wacera anashika mdomo. Kina mama wanapasua anga kwa ngemi, vigelegele vitano, vile hupigwa kijana akizaliwa.)

Asanteni! Tano kamili! Kweli mmenizaa upya, na nitawaarifu makao makuu kwamba Chaka imenilea...

(Hakuna anayesikiza. Mwalimu Moffat, na suti ya kanisa, ametia kichwa chini ya meza. "Mutahi, Jumatatu unakuja shule?" "Na kiboko yako?" Mwalimu anajibu mbele ya watu wote. "Itabaki nyumbani." "Theuri akinileta nitakuja." "Nitakupitia na baiskeli," anasema Theuri. Wacera naye anaingia. Viatu vyake tu ndivyo vimebaki nje.)

Nikikaribia kumaliza, natoa shukrani kwa Bwana Rajnikant aliyetuazima kibao hiki cha jina la Timu, na kirudishwe leo, kwa kuwa upande wa pili kimeandikwa Misumari. Kwa Theuri, kwa koti na mwili uliomo. Na zaidi ya yote kwa Timu yenyewe, ambayo ingekuwa hapa nasi kama ingekuwako, lakini kwa vile haiko, na chumba hakiko, na hakuna mtu hata mmoja ambaye amewahi kuiomba pale ofisini, tutaifungua tena Alhamisi huko Kutus, kwa hotuba hii hii. Mtoto mwema! Taifa jema! Timu moja! Harambee!

(Meza inatikisika.

"Bwana Afisa," anasema Wacera kutoka chini ya kitambaa, "ondoa mguu hapo. Tuko kwa mkutano.")